Ukishavua kitambulisho cha kazi, we ni nani hapa Dodoma?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kuna swali moja ukikutana na mtu mgeni halichelewi: "uko wizara gani?" Hata msibani Kisasa utaulizwa ofisi kwanza, jina baadaye. Sasa mtu akiachishwa kazi, au akiwa mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa mtaji wa mkopo ukaenda na maji, hapotezi hela tu, anapoteza na jibu la hilo swali. Sisi watu wa ushauri nasaha tunawapokea wanalalamika kichwa, presha, usingizi hakuna, ukiwachimba kidogo unakuta mtu bado anachomekea kila asubuhi, anaaga nyumbani kama anaenda job, kumbe anashinda Nyerere Square mpaka jioni.

Hiyo aibu ina gharama, tena za hela kabisa. Ukiona umeachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka malalamiko CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukichelewa inabidi uombe kwanza kusikilizwa nje ya muda na utoe sababu ya maana, na kujifungia ndani kwa aibu sijui utaielezaje mbele ya msuluhishi. NSSF nako kuna fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe, watu wanakaa nalo kimya kwa sababu kwenda kuulizia ni kama kukiri. Na wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ndo usiseme, anazima simu, anakopa huku alipe kule, deni linazaa. Kwa hiyo kabla ya mambo ya moyo, tafuta mtu mmoja umwambie ukweli wote, mmoja tu anatosha kuanzia.

Halafu kuna hili la kusubiri ujisikie vizuri ndo uanze kutoka. Wengi wanakwama hapa. Mtu akishapigwa na maisha hamu huwa haitangulii, inakuja nyuma baada ya kufanya kitu, ndo maana hata wenye sonona tunaanza nao na ratiba: saa ya kuamka ileile kila siku hata kama huna pa kwenda, na shughuli moja ambayo kuna mtu anakusubiri. Hapo kwenye mtu anakusubiri nakazia. Kukimbia asubuhi peke yako ni safi, ila kushika daftari la kikoba, kuwafundisha hesabu watoto wa jirani, au kwenda Hombolo kumsaidia shemeji kwenye shamba la zabibu kunasaidia zaidi, maana usipotokea utaulizwa uko wapi, na kuulizwa uko wapi ni dawa kubwa kwa mtu anayeona hana maana tena.

Mimi binafsi siwaelewi wanaosema "sahau yaliyopita, anza moja". Unaanzaje moja wakati unajua kitu? Chukua daftari andika ulichokuwa unafanya, cheo kiache. Uafisa manunuzi wamekunyang'anya sawa, ila kusoma mkataba, kubana bei, kugundua risiti feki, hivyo umeondoka navyo na kuna wenye maduka pale Majengo wanavihitaji leo.

Pombe sitaisemea sana, inakupa usingizi wa saa mbili tatu halafu inakuamsha usiku wa manane na mawazo yaleyale.

Ila ikipita wiki mbili karibu kila siku huna raha na chochote, huli au hulali, unajiona mzigo, usijikaze, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili. Najua utani wa mji huu, mtu akikosea kidogo "mpelekeni Mirembe", huo utani unawazuia watu kupata tiba. Akianza kusema bora afe msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na nyie ndugu, punguzeni kumpigia kila wiki "vipi, umepata kazi?" Mpigie umwambie Jumamosi kuna kikao cha harusi na yeye ndo atashika mahesabu.