Admini wa kundi la watu wazima: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kungwi wa zamani alifunga mlango kabla ya kusema neno. Alimjua kila mwari aliyekaa mkekani, akamjua na mama yake, na yaliyosemwa ndani hayakutoka nje. Leo mafunzo ya ndoa, maswali ya chumbani na vilio vya talaka vimehamia WhatsApp na Telegram, na anayeshika mlango ni admini. Nimeshika mlango huo kwa miaka kadhaa katika kundi la wanawake walioolewa. Makosa mengi niliyoyaona, yangu yakiwemo, yalianzia kwenye jambo ambalo watu huliamini bila kuuliza.

"Sote ni watu wazima, humu kila kitu ruksa."

Kwa Tanzania, dhana hii ni ya hatari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa kompyuta au chombo kingine cha mawasiliano. Haisemi kwamba kosa linafutika kwa kuwa waliotazama ni watu wazima waliokubali. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ikionekana kuwa ni ya uchafu uliokithiri, kiwango hicho cha chini kinapanda hadi milioni 30 au miaka 10. Tena kifungu hakimtaji mchapishaji peke yake, kinamtaja pia anayesababisha kuchapishwa. Kwetu, basi, swali la chumbani huulizwa kwa maneno, na video haipiti hata kama mtumaji anaiita ya mafunzo.

Kuna waliokasirika na kuondoka. Waliobaki waliongea zaidi, kwa sababu walijua hawatafungua simu mbele ya watoto wakakutana na mambo.

"Picha aliituma mwenyewe, sasa ni ya kundi."

Si ya kundi. Mtu akimtumia mpenzi wake picha ya utupu, amempa ruhusa mpenzi. Akiituma kwa watu 40, amewapa hao 40. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamshika anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Kujitetea kwamba "nimeitoa kwenye kundi" hakumrudishii mtu heshima yake.

Mbaya zaidi ni ile desturi ya kupiga picha ya skrini ya mazungumzo na kuipeleka kundi lingine ili watu wacheke. Mwanamke anaeleza jinsi mumewe anavyompiga, na kabla ya magharibi mawifi wameshasoma. Lilitokea kwetu, nami nilichelewa kumtoa aliyefanya hivyo kwa kuwa alikuwa rafiki yangu. Yule dada hakurudi tena kuomba msaada, na sikumlaumu.

"Ukiniandikia inbox nikufichie jina, umeshafichika."

Hapa maadmini wengi hawajioni. Mwanachama anasema, "Naomba uniwekee swali langu, jina lifiche." Unalinakili, unaliweka kwa mkono wako. Kuanzia hapo si swali lililopita mbele yako, umelichapisha wewe. Likiwa limemtaja mume kwa jina, kazi na mtaa, wewe ndiye uliyemwanika. Soma kwanza, toa mtaa, toa kazi, toa idadi ya watoto kama ndiyo itakayomtambulisha. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya 2019, inahesabu hata hali ya ndoa na habari za familia kuwa taarifa nyeti. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wala usiahidi siri usiyoweza kuilinda. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni la Tanzania, alishitakiwa katika mvutano na polisi waliotaka taarifa za watumiaji wa jukwaa lake, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Mimi namheshimu kwa kusimama na watu wake. Lakini admini wa kawaida hana mawakili wala jina kubwa, na la maana zaidi kwake ni kutokusanya asichokihitaji. Nakala ya kitambulisho cha mwanachama ya nini kwenye simu yako?

"Admini hufungwa kwa kila kitakachotumwa." Na kinyume chake: "Admini hahusiki kabisa."

Zote mbili si kweli. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Kerala, India, iliamua kwamba admini wa WhatsApp habebi kosa la mwanachama kwa sababu tu ni admini. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila hoja yake ina mantiki: huwezi kujua kitakachotumwa kabla hakijatumwa. Ukishajua, habari ni nyingine. Unaweza kufuta kwa wote, unaweza kumtoa mtu. Aliyeona, akanyamaza siku tatu, akaweka na emoji ya kucheka, ataieleza nini mahakama?

"Nimeandika 18+ kwenye jina la kundi."

Omegle, tovuti ya Marekani ya kuzungumza na wageni, nayo ilikuwa na masharti ya umri. Binti wa miaka 11 aliunganishwa humo na mwanamume mtu mzima aliyemdhulumu kwa miaka. Alipokua alishitaki, na mwaka 2022 jaji wa Oregon akakubali kesi iendelee, kwa kuwa lalamiko lilihusu jinsi tovuti ilivyoundwa, si maneno ya watumiaji wake. Novemba 2023 Omegle ikafungwa. Sisi kila mgeni huletwa na mwanachama anayemjua, kisha mmoja wetu huongea naye kwa sauti kabla ya kumwingiza.

"Ikitumwa picha ya ngono ya mtoto, isambaze ili mhalifu apatikane."

Hapana, hata kwa nia njema. Kila anayeisambaza anamdhulumu mtoto upya, na kisheria anajiingiza mwenyewe hatiani. Kenya adhabu inafika miaka 25 jela. Andika namba iliyotuma, tarehe na saa, iripoti kwa WhatsApp au Telegram, kisha nenda polisi au piga 116, namba ya msaada kwa watoto inayotumika Kenya na Tanzania. Usimtumie hata admini mwenzako aione. Mwambie kwa maneno.

Siku ilipotutokea, tulikuwa maadmini watatu. Aliyeiona hakulala siku kadhaa. Tangu hapo tunapokezana zamu, na anayekutana na jambo zito anapumzishwa wiki nzima, bila kuulizwa lini atarudi.