Je, wajua kwa nini dakika 20 za kila siku hushinda saa tatu za Jumamosi katika kujifunza Kiitaliano?

Mtu mzima anayefanya kazi kutwa, akiamua kujifunza Kiitaliano, kwa kawaida huitengea lugha hiyo siku ya mapumziko. Jumamosi hukaa na kitabu kwa saa tatu, akakariri orodha ndefu ya maneno, akainuka ameridhika. Jumamosi inayofuata hukuta sehemu kubwa ya maneno yale imemtoka, na hapo ndipo anapoanza kusema kwamba umri umempita. Tatizo haliko hasa kwenye umri, bali kwenye namna kumbukumbu inavyofanya kazi.

Mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri misururu ya silabi zisizo na maana. Aliona kwamba baada ya siku moja tu, takriban theluthi mbili ya jitihada ya kukariri ilikuwa imepotea. Jambo jingine aliloligundua lina faida zaidi kwa mfanyakazi: kuurudia msururu mara 38, marudio hayo yakigawanywa katika siku tatu, kulimfaa sawa na kuurudia mara 68 katika siku moja. Akili inapolazimika kulitafuta neno lililokwisha kuanza kufifia, ndipo neno hilo linapokita mizizi. Kwa hiyo zile saa za kazi zinazotenganisha somo la asubuhi na marudio ya jioni, ambazo wengi huzilaumu, zina mchango wake katika kujifunza.

Kuhusu umri, watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha mwaka 1978 uchunguzi wa wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, nao waliona kwamba katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima waliwatangulia watoto wadogo. Ni kweli kwamba waanzao utotoni kwa kawaida hufika mbali zaidi baadaye, hasa katika lafudhi. Hata hivyo, mtu mzima anaanza akiwa na sarufi nzima ya lugha yake kichwani, na kwa maoni yangu msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani.

Tazama usemi *mi piace il libro*, ambao huwasumbua wanafunzi wengi kwa sababu kitabu ndicho kiima na mtu ndiye mtendwa. Sisi tunasema "kitabu kinanipendeza", na vikiwa vingi, *mi piacciono i libri*, "vitabu vinanipendeza". Muundo ni uleule. Katika *lo vedo*, kiwakilishi cha mtendwa hutangulia kitenzi, kama vile *-mw-* inavyotangulia mzizi katika "namwona". Kitenzi *parlo*, "nasema", hakihitaji kiwakilishi cha pembeni, kwa kuwa nafsi imo ndani yake, ila wao huiweka mwishoni nasi huiweka mwanzoni. Na aliyelelewa katika upatanisho wa ngeli hana sababu ya kuogopa jinsia mbili tu za nomino, ya kiume na ya kike: *il libro rosso, i libri rossi* (kitabu chekundu, vitabu vyekundu), *la casa rossa, le case rosse* (nyumba nyekundu, moja na nyingi).

Mambo hayo hayahitaji kutumia muda mwingi. Dakika zihifadhiwe kwa yale ambayo Kiswahili hakikutuandalia, na la kwanza ni konsonanti zinazorudufiwa. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. *Pala* ni sepetu, *palla* ni mpira. *Nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu. Ulimi lazima ushikilie ile konsonanti kwa muda kabla ya kuiachia, na aliyejifunza kuisoma shadda, alama ya kukaza konsonanti katika Kiarabu, ataitambua mara moja. La pili ni mkazo. Kiswahili huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi, lakini *città* (mji) huubeba mwishoni na *telefono* huubeba kwenye *le*. Tahajia nayo ina mtego mdogo kwetu: *chi* husomwa "ki", na *ci* husomwa "chi". Wakati uliopita ni mgumu zaidi, kwani pale ambapo sisi tunatosheka na *-li-*, Kiitaliano hudai kitenzi kisaidizi, *ho mangiato* kwa "nilikula" lakini *sono andato* kwa "nilienda", na mwanamke husema *sono andata*.

Ni haki pia kusema ukweli kuhusu muda. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukiweka Kiitaliano katika kundi la lugha zinazohitaji saa 600 hivi za darasani ili mtu aweze kuitumia kikazi. Dakika 20 kwa siku ni takriban saa 120 kwa mwaka, kwa hiyo kiwango hicho kiko mbali, yapata miaka mitano au zaidi. Lakini mazungumzo ya kawaida hayahitaji kusubiri hadi hapo. Mwanaisimu Tullio De Mauro alionyesha kwamba maneno ya msingi kabisa yapatayo 2,000 hubeba takriban asilimia 90 ya matini za Kiitaliano. Anayeongeza maneno matano kwa siku, huku akiyarudia ya jana, ya juzi na ya wiki iliyopita, huyafikia kwa siku 400 hivi.

Marudio hayo yafanywe kwa kujiuliza, si kwa kusoma orodha tena: ufunike upande wa Kiitaliano, ulitamke neno kwa sauti, ndipo ufunue. Basi Jumamosi iachwe iwe ya mazungumzo marefu na mtu anayekijua Kiitaliano, ambapo maneno yaliyokusanywa kwa wiki nzima yatatafutwa kwa mara nyingine, safari hii kwa haraka na mbele ya mtu anayesubiri jibu.