Skana haionekani kwenye kompyuta: yanayosemwa madukani na ukweli wake

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unapofika, steshenari za Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya hujaa vijana wenye bahasha mkononi. Kuna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili), cheti cha kidato cha nne, fomu yenye sahihi ya mdhamini, na vyote vinatakiwa viskaniwe ndipo viingizwe kwenye mfumo. Kompyuta ikisema wakati huo kwamba hakuna skana iliyopatikana, ushauri unatoka kila upande. Iringa mjini na Makambako ni hivyohivyo. Mwingi wa ushauri huo una ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomtoa mwenye duka pesa bila sababu. Inaniuma kuona mashine nzima ya kuskani, kuprinti na kutoa kopi ikiwekwa stoo kwa kosa ambalo lingeonekana kwa kusoma namba mbili.

"Skana imekufa, tafuta nyingine"

Kabla ya kutafuta nyingine, weka karatasi kwenye kioo cha mashine na ubonyeze kitufe cha kopi. Kopi ikitoka safi, taa na kichwa cha kusomea ni vizima. Kilichokatika ni mawasiliano. Kisha chukua simu ya Android iliyo kwenye waifai hiyohiyo ya skana, weka programu ya Mopria Scan, ujaribu kutafuta. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinaitikia. Simu ikiiona skana, skana na ruta yake (kifaa kinachogawa waifai) havina kosa, na kazi imebaki kwenye kompyuta na mtandao iliyounganishwa nao.

"Zote zina waifai, basi ziko mtandao mmoja"

Hii ndiyo inayopoteza muda kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Maduka mengi yana ruta mbili. Ya kwanza imetoka kwa kampuni ya intaneti na imewekwa mbele, karibu na dirisha, ambako mawimbi yanashika. Ya pili mwenye duka ameinunua ili waifai ifike chumba cha nyuma. Waya ukitoka ruta ya kwanza ukachomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ile ya pili, umezaliwa mtandao mwingine ndani ya ule wa mwanzo. Moja inavipa vifaa anwani, yaani namba za utambulisho, zinazoanza na 192.168.1, nyingine zinazoanza na 192.168.0. Intaneti inapatikana kote kuwili, kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu.

Kompyuta inapotafuta skana haiendi mlango kwa mlango. Inapaza sauti kama mpiga mbiu, na vifaa vilivyo kwenye mtandao huohuo ndivyo vinavyoitika. Kwenye Windows wito huo mara nyingi hupita kwenye anwani ya pamoja 239.255.255.250, poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 3702. Njia nyingine inayotumika sana ni 224.0.0.251, poti 5353. Ruta za kawaida hazivushi wito wa namna hii kwenda mtandao wa pili, hivyo skana haisikii kabisa kwamba imeitwa.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache. Kwenye kidirisha cha menyu cha skana ingia sehemu ya mtandao na uchape ripoti yake. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter. Sasa weka ile karatasi kando ya skrini na usome. Tuseme karatasi inaonyesha 192.168.1.23, skrini inaonyesha 192.168.0.14, na subnet mask (namba inayoonyesha mpaka wa mtandao) ni 255.255.255.0 kote kuwili. Namba ya tatu imetofautiana, kwa hiyo mitandao ni miwili. Usihangaike na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine) wala usiguse kitu kingine mpaka hapo pawe sawa.

Dawa yake: ingia kwenye ruta ya pili, zima huduma ya DHCP inayogawa anwani, uipe ruta hiyo anwani isiyogongana na ya kwanza, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Ruta nyingi za sasa zina chaguo la Access Point linalofanya hayo yote kwa mara moja.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Kompyuta iliyo kwenye ruta ya ndani (ile ya pili) inaweza kuifikia skana iliyo kwenye ruta ya nje (ile ya kwanza) ukiiandikia anwani yake kwa mkono. Lakini skana haiwezi kuanzisha safari ya kurudi ndani. Matokeo yake, ukiskani ukiwa umekaa kwenye kompyuta inakubali, ila ukibonyeza kwenye skana kitufe cha kutuma kwenye kompyuta inagoma. Hapo skana haina kosa lolote.

Waifai ya wageni nayo hutenganisha vifaa kwa makusudi, maana imetengenezwa hivyo kwa usalama. Laptopu yenye VPN ya ofisini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) pia inaweza kujikuta haioni kifaa chochote cha jirani hadi VPN izimwe. Kuhusu wale wanaosema skana inayotumia masafa ya waifai ya 2.4 GHz haiwezi kuonana na laptopu iliyo kwenye 5 GHz: ruta ikiwa moja na waifai si ya wageni, kwa kawaida zinaonana. Tatizo la kweli ni jingine. Skana ya 2.4 peke yake haitaiona kabisa waifai inayorushwa kwa 5 peke yake.

"Bando limeisha, ndiyo maana haionekani"

Kompyuta na skana zinaongea kupitia ruta, hazitoki nje kwenda intaneti. Bando likiisha saa nne asubuhi, kuskani kunatakiwa kuendelee kama kawaida, isipokuwa kwa programu zinazolazimisha kuingia kwa akaunti ya mtengenezaji. Kinachotokea ni kwamba bando likiisha, kijana wa dukani anawasha hotspot ya simu yake na kuiunganisha laptopu huko ili kazi isisimame. Laptopu imehama mtandao, skana imebaki kwenye ruta. Irudishe laptopu kwenye waifai ya duka, skani, kisha rudi kwenye hotspot kutuma faili.

"Inaprinti vizuri, basi draiva ipo"

Kuprinti na kuskani ni njia mbili tofauti. Windows ikiona mashine yenyewe, inaweza kuweka draiva ya kuprinti tu, na mteja akiambiwa "printa yako iko tayari" anadhani kila kitu kimekamilika. Kuskani kunahitaji draiva ya skana ya aina ya WIA au TWAIN, au njia mpya ya eSCL. Pakua kifurushi kamili kutoka kwa mtengenezaji, chenye jina la modeli yako hasa, kisha uangalie kwenye huduma za Windows kama ile ya Windows Image Acquisition (WIA) inafanya kazi. Ikiwa imesimama, iwashe.

"Zima fayawoli na antivairasi, itaonekana"

Wakati mwingine itaonekana kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anaiacha imezimwa. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za watu kutwa nzima. Kuna njia salama. Fungua mipangilio ya mtandao uangalie kama mtandao wa duka umewekwa Public au Private. Ukiwa Public, Windows inajificha na haitafuti majirani. Ukibadilisha ruta, Windows inauona mtandao huo kuwa mgeni na inaweza kuurudisha Public, na wengi husema "skana imeharibika tangu walete ruta mpya". Weka Private, kisha iruhusu programu ya skana ndani ya fayawoli. Basi.

"Umeme ukikatika huwa inajirekebisha yenyewe"

Umeme ukirudi, ruta inaweza kuipa skana anwani tofauti na ya jana, huku programu kwenye kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Ukiona skana ina anwani inayoanza na 169.254, haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Subiri ruta iwake kabisa, kisha zima na uwashe skana. Suluhisho la kudumu ni kuitengea skana anwani moja ndani ya ruta, ili kila ikiwaka ipewe ileile.

"Rudisha SMB1, folda itapokea"

Hili linawahusu wanaotuma kutoka skana moja kwa moja kwenda folda ya kompyuta. SMB1 ni toleo la zamani la njia ya Windows ya kupeana faili kwenye mtandao. Windows iliacha kuweka SMB1 kwenye usakinishaji mpya kuanzia toleo la 1709 la Windows 10 la mwaka 2017, mwaka uleule ambao kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa SMB1. Usiirudishe. Angalia kama skana ina programu dhibiti (firmware) mpya inayotumia SMB2, au tuma kwa barua pepe au flashi. Tena hakikisha umeandika nenosiri la akaunti. PIN unayofungulia kompyuta haifanyi kazi hapo, na akaunti isiyo na nenosiri Windows huikatalia kuingia kupitia mtandao.

"Radi haiwezi kupita kwenye waya wa mtandao"

Inapita. Kuanzia Novemba hadi Aprili, hasa Tukuyu na Rungwe yote, si ajabu tundu la mtandao la skana kuungua huku mashine ikiendelea kutoa kopi. Dalili ni kwamba taa ndogo ya kwenye tundu haiwaki hata ukibadilisha waya na tundu la upande wa ruta. Hapo ndipo utasema sehemu ya mashine imekufa kweli, ingawa USB au waifai yake huenda bado ni nzima. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na wa mtandao pamoja.