Ulinzi wa mzee haungoji miaka 70

Utasikia Kilifi, pwani ya Kenya: “Mzee hajafika 70, serikali haimtambui.” Hapo watu wanachanganya pesa na haki. Miaka 70 ni ya Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi (ambayo nayo huchelewa). Katiba ya Kenya ya 2010 humhesabu mzee kuwa aliyepita miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, akitunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Kwa hiyo babu wa miaka 63 anayeitwa mchawi kwa sababu ya mvi, huku wanawe wakilimezea mate shamba lake, tayari analindwa. Aende polisi hata kama hapokei senti.