Sumaku haivuti elektroni, inaigeuza

Mliokua na TV za chogo mtakumbuka hii, ukisogeza spika kubwa karibu na kioo rangi zinachafuka, kona moja kijani nyingine zambarau, na ukichelewa kuitoa doa linabaki hadi umuite fundi. Kwetu Uyole ilitutokea na mimi nikabaki na swali miaka mpaka nilipofika form six. Kumbe nyuma ya kile kioo kuna elektroni, yaani vichembe vidogo sana vyenye chaji hasi ya umeme, zinarushwa mbele, na sumaku ya spika inazipinda zinaenda kutua pasipo pake.

Sasa wengi wanadhani sumaku inaivuta elektroni kama inavyovuta msumari, hapana. Chembe yenye chaji kama elektroni ikiwa imetulia tu, uga wa sumaku (eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika) hauigusi, hata ikitembea sambamba na uga haiguswi, ila ikiukatisha uga ndo inapata kani (msukumo), na hiyo kani inasukuma kwa ubavu, nyuzi 90 na mwendo wake na nyuzi 90 na uga wenyewe. Chaji chanya inapinda upande huu, hasi inapinda upande wa pili.

Fikiria kitu kinasukumwa ubavuni muda wote, kikigeuka kidogo na kani nayo inageuka nacho. Uga ukiwa sare, yaani nguvu na uelekeo ni vilevile kila mahali, chembe iliyoingia nyuzi 90 na uga inapinda kwa kiasi kilekile bila kuacha mpaka inafunga duara. Na spidi yake haiongezeki wala haipungui!! Kwenye fizikia tunasema kani hii haifanyi kazi, maana yake haiipi chembe nishati hata kidogo, inabadilisha uelekeo basi. Hapa ndo pa kushika kuliko kanuni zote.

Ukubwa wa duara ni r = mv/qB, r ni nusu kipenyo, m ni masi (uzito) ya chembe, v spidi yake, q chaji yake na B nguvu ya uga. Waliopita zile kona za mlima Kitonga wanaelewa hii bila hesabu, gari zito lenye spidi ni gumu kugeuza, kwa hiyo m na v zikikua duara linapanuka, chaji au uga ukikua duara linabana. Chukua elektroni yenye spidi ya mita milioni 10 kwa sekunde, uga wa tesla 0.01 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), nusu kipenyo kinatoka milimita 5.7 tu. Weka protoni, chembe yenye chaji chanya, spidi hiyohiyo, inataka mita 10 na ushee, kwa sababu ni nzito karibu mara 1,836.

Halafu kuna kitu mi hunifurahisha sana, muda wa mzunguko mmoja ni T = 2πm/qB, angalia vizuri v haipo. Yenye haraka inapita njia ndefu, ya polepole inapita fupi, zinarudi pamoja. Ernest Lawrence kule Marekani alitumia hilohilo kutengeneza saiklotroni, mashine ya kuongeza spidi ya chembe, akapata Nobeli mwaka 1939: sumaku inaizungusha chembe, umeme ndo unaipiga teke la spidi kila nusu mzunguko, na kwa kua muda haubadiliki teke halikosei, mpaka spidi ianze kukaribia ya mwanga ndo mahesabu yanavurugika.

Na kama chembe imeingia kwa mshazari, sio nyuzi 90 na uga na sio sambamba nao? Sehemu ya mwendo inayokatisha uga inazunguka, ile inayofuata uga inaendelea mbele kama kawaida, vyote kwa pamoja, ndo unapata njia kama springi ya kalamu.