Rula haikwambii noti ya mwanzi

Kwa watengenezaji wa filimbi za mwanzi hesabu ileile imekuja tena: gawanya kasi ya sauti kwa urefu mara mbili, kata mwanzi, noti ipo. Haipo.

Chukua noti ya la, ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Hewa ya nyuzijoto 20 hupitisha sauti kwa mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo fomula inadai milimita 390. Kata hivyo, kuanzia katikati ya tundu la kupulizia hadi mwisho, kwenye mwanzi wenye uwazi wa ndani wa kipenyo cha milimita 18. Ukipuliza utapata karibu na sol, noti iliyo chini ya la. Wimbi haliishii mwanzi unapoishia: kwenye ncha iliyo wazi huchomoza nje kiasi cha 0.6 ya nusu kipenyo, hapa milimita 5 na nusu. Hilo ni dogo. Kubwa liko mdomoni.

Tundu la kupulizia ni jembamba kuliko uwazi wa mwanzi, lina kina cha unene wa ukuta, na mdomo hulifunika sehemu. Kwa pamoja hayo huirefusha filimbi kisauti kwa sentimita 4 hivi. Nasema “hivi” kwa makusudi. Mpulizaji akiigeuza filimbi kidogo kuelekea kwake, tundu hufunikwa zaidi na noti hushuka. Wapulizaji wawili watakupa majibu mawili kwa filimbi moja, na yote ni sahihi. Basi kata mrefu, puliza mpaka hewa ya ndani ipate joto (kila nyuzi moja hupandisha kama senti 3; senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), ndipo upunguze kidogo kidogo. Matundu ya vidole yaanze madogo. Kuyapanua kwa tupa hupandisha noti, kukwangua ukingo wa ndani hupandisha pia. Ukipitiliza, imebaki nta tu ya kuziba tundu kidogo.

Linaloniudhi zaidi ni kulinganisha ala za jamii mbalimbali kwa rula. Mtafiti wa muziki Erich von Hornbostel alishika mianzi inayozibwa chini na kudai kwamba ukiipuliza kwa nguvu inatoa tano (umbali wa do hadi sol, oktava moja juu zaidi) ya senti 678 badala ya 702, kila mahali, na kwamba hatua 23 za namna hiyo hukurudisha ulikoanzia. Kwa msingi huo akaunganisha ngazi za sauti za Melanesia na za Brazili. Katika miaka ya 1930 mtafiti mwingine, Manfred Bukofzer, alipima akapinga: tano hiyo haitulii, hubadilika kwa kipenyo na kwa pumzi. Bado naona majedwali ya urefu mtupu yakitumiwa kuthibitisha undugu wa ala.

Tazama mianzi miwili iliyozibwa chini, yote ya milimita 120 kwa ndani, mmoja una uwazi wa 8, mwingine wa 16. Mwembamba hutoa hezi 701 hivi, mpana 687. Hizo ni senti 35, kabla ya kuhesabu mdomo unaofunika ncha. Kwa hiyo andika urefu wa ndani hadi kwenye fundo, kipenyo cha kila ncha kwa pande mbili (mwanzi si duara kamili), joto la hewa, na sauti yenyewe iliyorekodiwa ikipulizwa na mtu anayeijua ala hiyo.