Uume kupinda ukubwani si malipo ya punyeto

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu anashtuka: uume uliokuwa umenyooka maisha yake yote, sasa ukisimama unakunjia juu au upande. Kijiweni hukumu ni moja, "punyeto za ujanani hizo." Wengine watasema kaswende, au karogwa. Hakuna hata moja lililo kweli.

Kinachoupinda ni kovu. Ndani ya uume kuna ala imara, kama mfuko, inayovutika damu inapojaa. Ikijeruhiwa, mara nyingi kwa vijeraha vidogo wakati wa tendo ambavyo mtu hata havihisi, baadhi ya wanaume hupona kwa kuota kovu gumu. Kovu halivutiki, basi uume huinamia huko. Ukipapasa unakuta kitu kama gamba chini ya ngozi. Si saratani, wala hakiambukizi. François Gigot de la Peyronie, daktari mpasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1743, nao unaitwa kwa jina lake: ugonjwa wa Peyronie.

Miezi ya mwanzo kuna maumivu na mpindo bado unabadilika, hapo hapapasuliwi. Ukishatulia, daktari wa mfumo wa mkojo anaweza kuchoma sindano ya kolajenesi inayomeng'enya kovu, au kushona ule upande mrefu usio na kovu. Upasuaji huo hufupisha uume kidogo (afadhali uambiwe mapema). Mpindo mdogo usiozuia tendo huachwa. Na yale mafuta ya kunyoosha yanayouzwa stendi? Hayafiki kwenye kovu.